Nyasi za Kibanja: Maisha Mepesi ya Bukoba na Vichwa Vilivyoyabeba

Siku hizi simu zetu zina vikokotoo vinavyouliza umepanda ndege mara ngapi mwaka huu, unakula nyama siku ngapi kwa wiki, na una vyumba vingapi vyenye kiyoyozi. Ukimaliza kujibu, unatajiwa uzito wa hewa ukaa unayoitia angani kwa mwaka. Wanauita unyayo wa kaboni. Fikra ya kupima unyayo wa mwanadamu juu ya ardhi ilitoka Kanada miaka ya 1990, kwa William Rees na mwanafunzi wake Mathis Wackernagel. Lakini aliyelitia neno la unyayo wa kaboni midomoni mwa watu ni kampuni ya mafuta ya BP, ilipotoa kikokotoo chake miaka ya 2000. Muuza mafuta kukupimia wewe moshi wako, hilo nalo jamani tuliache hapo hapo.

Kwa hesabu hizo, mtu wa Marekani hutoa kama tani 14 au 15 kwa mwaka, wastani wa dunia ni karibu tani 5, na Mtanzania hafiki hata nusu tani. Wataalamu wanasema tukitaka joto la dunia lisipande kupita kiasi, kila mtu inabidi ashuke mpaka kama tani 2 kisha aendelee kushuka. Basi sisi tumeshafaulu mtihani kabla ya kuingia darasani! Ila wengi wetu tumefaulu kwa kukosa, si kwa kupenda. Kukosa umeme si ucha Mungu, na kupikia kuni machoni mwa moshi si maisha mema.

Swali letu ni jengine. Je, wamepata kuwepo watu katika nchi yetu walioishi vizuri, wakala wakashiba, wakakaribisha wageni, wakazika wazee wao kwa heshima, na ardhi ikazidi kunenepa chini ya miguu yao badala ya kukonda? Wapo, na historia yao inajulikana. Tuvuke bara lote mpaka ng'ambo ya magharibi ya Ziwa Viktoria, kutoka kata ya Nyanga pale Bukoba mjini hadi vijiji vya Muleba, nchi ya Wahaya. Lakini tunaomba msomaji asije akadhani tunakwenda kutembelea pepo. Tunakwenda kutazama hesabu, na ndani ya hesabu hiyo kuna safu moja ambayo haijawahi kujazwa.

Tuanze na moto, kwa sababu nchi hii iliwahi kuungua.

Miaka ya 1970 mwanaakiolojia Peter Schmidt alichimba Katuruka, karibu na Maruku, mahali ambapo wazee walipataja kuwa palikuwa makao ya mfalme Rugomora Mahe, penye mti mkubwa wa Kaiija. Jina lenyewe la mti lilibeba kumbukumbu ya uhunzi. Chini ya ardhi zilikutwa tanuri za kuyeyushia chuma, na nyingine zilipatikana baadaye Kemondo, pwani ya ziwa, za karibu miaka 2,000 iliyopita. Mwaka 1976 wazee wa Kihaya waliokuwa bado wanaukumbuka ufundi waliombwa wajenge tanuri upya. Walijenga kwa udongo wa kichuguu, wakaweka majani ya kinamasi yaliyochomwa chini, wakavukuta mivukuto, wakatoa chuma. Mwaka 1978 Schmidt na mwenzake Donald Avery waliandika katika jarida la Science kwamba mabomba ya udongo yaliyoingizwa ndani kabisa ya tanuri yaliipasha hewa joto kabla haijafika motoni, na hivyo mafundi wale waliweza kupata chuma cha pua. Wengine wamebishana nao juu ya hilo la hewa kupashwa joto, lakini ufundi wenyewe hakuna aliyeukana.

Fahari hiyo tuichukue yote, ila tuulize na bei yake. Chuma kinakula mkaa, na mkaa unakula miti bila huruma: kwa matanuri ya kienyeji ya kuchomea, kilo moja ya mkaa huondoka na kilo 5 mpaka 10 za mti. Mabaki ya mkaa na ya chavua yaliyokusanywa pale yanaonyesha msitu wa pembezoni mwa ziwa ukipungua, na Schmidt anaeleza kwamba baada ya karne ya 6 hivi watu wenyewe walipungua kwa karne nyingi kabla ya nchi kujaa tena. Wakati ule viwanda vya Ulaya havijazaliwa. Kwa hivyo tusije tukasema babu zetu walikuwa wakiishi na miti kama ndugu, na uharibifu umekuja na meli. Walikata kama wengine.

Waliorudi kuijaza nchi ndio waliotengeneza kitu tunachotaka kukisifu.

Mvua ya Bukoba ni kubwa, kama milimita 2,000 kwa mwaka, na juu ya udongo wa mawe ya mchanga mvua kubwa si neema peke yake. Inaosha. Rutuba yote inateremka chini mizizi isikofika. Ukisimama leo kilimani Muleba utaona rangi mbili tu: visiwa vya kijani kizito vilivyozungukwa na uwanda wa nyasi kavu usio na mti. Vile visiwa ndivyo vibanja, na ule uwanda ni rweya. (Sisi watu wa visiwani neno hili limetukaa vizuri, maana kwa kweli ni visiwa, ila bahari yake ni majani.) Mgeni atadhani watu walichagua kukaa penye udongo mzuri. Ukweli ni kinyume. Udongo wa kibanja ulikuwa kama wa rweya, na ulinenepeshwa na watu kizazi baada ya kizazi.

Namna yake ni hii. Nyasi zilikatwa rweya zikaletwa nyumbani. Sehemu ilitandikwa sakafuni mwa mushonge, ile nyumba ya mviringo iliyoezekwa kwa nyasi kuanzia kileleni mpaka chini, na ng'ombe nao walilala humo humo upande wao. Nyasi zikichoka kukaliwa, zilitolewa zikatandazwa shambani pamoja na mbolea ya ng'ombe, majivu ya jikoni na maganda ya ndizi. Ng'ombe mwenyewe alikuwa amekwenda kula rweya mchana na kurudi jioni na shehena yake tumboni. Kila siku, kwa miguu minne na kwa kichwa cha mtu, rutuba ya uwanda mzima ilihamishwa kidogo kidogo hadi kwenye eneo dogo linaloizunguka nyumba.

Na hilo eneo dogo lilipandwa kwa ghorofa. Juu kabisa miti michache ya kivuli na mbao. Chini yake migomba. Chini ya migomba mibuni, na chini ya mibuni maharage, magimbi na viazi vikuu. Ardhi haikuachwa uchi hata siku moja na haikulimwa ikapinduliwa kila mwaka. Mgomba ukishazaa unakatwa, shina lake linaoza pale pale, na mtoto wake ameshasimama. Ndizi zinapatikana mwaka mzima, kwa hivyo hakukuhitajika ghala kubwa, na ile njaa ya kabla ya mavuno wanayoijua sana walaji wa nafaka haikuwa na nguvu kule. Jani la mgomba lilikuwa sahani, mfuniko wa chungu, na mwavuli. Nyuzi zake zilikuwa kamba. Nguo za zamani zilitokana na ngozi, na magome ya miti ya jamii ya mkuyu, ambayo hubanduliwa bila kuuua mti, shina likafungwa majani ya mgomba mpaka gome jipya lirudi. Novemba mvua zikishuka, senene huja wenyewe na hawadai zizi wala malisho.

Hata kahawa haikuhitaji moto mwingi. Zamani Wahaya hawakuinywa, waliitafuna. Buni ilichemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, ikakaushwa, ikawekwa kwa ajili ya mgeni, kama sisi tunavyotoa kahawa chungu au tambuu. Mgeni aliyefika nyumba bila kutafunishwa buni alijua hakukaribishwa.

Tukitazama kwa jicho la jikoni, ambalo ndilo jicho letu, kuna funzo dogo la kuchukua mara moja. Ndizi za Bukoba hupikwa zikiwa zimefunikwa majani ya mgomba kwa tabaka, mvuke ukabaki ndani, na moto ukapunguzwa. Maharage ndiyo mla kuni. Dada, loweka maharage usiku kucha kabla ya kuyapika na umwage yale maji. Yataiva kwa muda mfupi zaidi na gesi yako au mkaa wako utauona ukibaki. Hili halihitaji kikokotoo.

Sasa ile safu isiyojazwa. Nyasi zilikatwa rweya zikaletwa nyumbani: tumeandika hivyo hapo juu kama vile zilikuja kwa miguu yao. Sentensi za aina hii zimejaa katika maandishi ya kilimo. Nyasi zilikatwa, maji yaliletwa, kuni ziliokotwa. Nani? Kwa sehemu kubwa ni mwanamke, na watoto wake nyuma yake. Rweya haina miti, kwa hivyo kuni zilikuwa mbali; vijiji viko juu ya vilima, kwa hivyo maji yalikuwa chini mabondeni. Mwanamume alikuwa na kazi zake, kupogoa migomba, kujenga, kutengeneza pombe ya ndizi, na kahawa ilipogeuka fedha, fedha ile ilikuwa yake. Mwanamke alipalilia kwa mkono chini ya mibuni, akapanda maharage, kisha akatoka kwenda rweya kulima musiri wake, kipande cha nyasi alichokifyeka, akachoma magugu na kupanda njugu mawe au viazi kwa msimu mmoja au miwili, halafu akakiacha kipumzike kwa miaka. Musiri ndio uliokuwa jasho lake na mavuno yake. Lakini ulikuwa juu ya ardhi mbovu ambayo yeye mwenyewe alikuwa akiikata nyasi zake kuipelekea ardhi nzuri isiyokuwa yake.

Hapo ndipo penye uchungu wa habari yetu. Kibanja ni mali ya ukoo. Wazee wamezikwa humo, katikati ya migomba, na ndiyo maana kukiuza kwa mtu wa nje kulionekana kama kuuza makaburi. Hilo tunalielewa na tunaliheshimu. Lakini ukoo maana yake ni wanaume wa ukoo. Binti angeolewa akaenda kunenepesha kibanja cha watu wengine. Mjane alikaa kwa hisani ya watoto wake wa kiume au ya mashemeji. Mwaka 1945 Hans Cory na Hartnoll walizikusanya mila za Wahaya katika kitabu cha sheria, na kilichokuwa kinajadiliwa barazani kikawa kimechapishwa. Mwaka 1963, nchi ikiwa huru, Amri ya sheria za mila ilitamka kwamba wanawake wanaweza kurithi, isipokuwa ardhi ya ukoo wataitumia tu maishani mwao, hawataiuza.

Na si wanawake peke yao waliobeba bila kumiliki. Kulikuwa na nyarubanja, mashamba makubwa ya wakubwa ambapo mkulima aliishi kama mpangaji kwenye udongo alioutengeneza kwa mikono yake, mpaka sheria ya mwaka 1965 ilipoanza kuwafungua wapangaji hao. Mkoloni naye alikuwa na kanuni zake za kuitunza mibuni, na mwaka 1937 wakulima wa Bukoba walifanya ghasia kuzipinga. Hayo yamo vitabuni kama historia ya kisiasa, na yanastahili. Ya wanawake yamo pia, lakini usiyatafute kwenye sura ya kahawa.

Utayakuta Nairobi. Kuanzia miaka ya 1930 wanawake wa Kihaya waliondoka kwa mamia, kwenda Kampala, Nairobi na miji mingine. Mwanahistoria Luise White alizungumza na baadhi ya wakazi wa zamani wa Pumwani na akachapisha kitabu chao mwaka 1990. Wengi wao waliishi kwa kuuza miili yao, na jamii ikawapa majina ambayo hatutayarudia hapa. Tunachotaka msomaji akione ni fedha ilikokwenda. Wako waliozirudisha nyumbani kuwasaidia baba zao, na wako waliojinunulia vipande vya shamba. Mwanamke aliyeikosa migomba kwa kurithi aliitafuta kwa njia ya mwisho iliyobaki wazi. Dini zetu hazikuihalalisha njia hiyo, na sisi hatuihalalishi, ila anayemhukumu mwanamke yule na akauacha mlango uliofungwa nyuma yake hajamaliza kuhukumu.

Kwetu visiwani mirathi ya Kiislamu imempa binti fungu lake kwa jina, na tunajua wenyewe ni mabinti wangapi wamelisamehe fungu hilo mbele ya kaka zao kwa kuogopa maneno, kabla hata hawajalishika. Kwa hivyo hatuandiki haya kama watu wa kunyooshea wengine kidole.

Halafu likaja janga. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walikuwa Kagera, mwaka 1983. Miaka iliyofuata wajane walikuwa wengi kuliko mila ilivyojiandaa kuwapokea, na kwa wengine msiba uliongozana na kufukuzwa kwenye kibanja walichokipalilia tangu siku ya harusi. Kibanja bila mtu wa kukibebea nyasi hakichukui muda kukonda.

Mwaka 1988, wilayani Muleba, mama mmoja mtu mzima aliyeachiwa ardhi ya ukoo na baba yake kwa wosia aliona uzee unamwelemea na hana wa kumtunza. Akaiuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake akaenda Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha kutaka mauzo yabatilishwe, kwa hoja kwamba mwanamke wa Kihaya hana uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo. Kwa kitabu cha mila alikuwa na hoja, na mahakama ile ilimpa ushindi. Kesi ilipanda mpaka Mahakama Kuu Mwanza, mbele ya Jaji James Mwalusanya, na mwaka 1990 jaji huyo aliamua kwamba sheria ya mila inayombagua mwanamke inapingana na haki za binadamu zilizomo katika Katiba, na kwamba katika jambo hili wanawake na wanaume wana haki sawa. Mama yule akashinda. Hukumu hiyo inasomwa na wanasheria duniani mpaka leo, na ilianzia kwenye migomba ya Muleba.

Wako watakaosema: basi, ardhi ya ukoo ikiuzwa kwa yeyote, kibanja kitakatwa vipande na ule utaratibu wote mzuri utakufa. Hofu hiyo si ya kubeza. Vibanja vimegawanywa vikawa vidogo kweli. Lakini vimegawanywa na wana wa kiume wakirithi, baba kwa mtoto, kwa mila ile ile, pamoja na idadi ya watu kukua. Ng'ombe walipungua tangu tauni kubwa ya mifugo ya miaka ya 1890, na kaya nyingi leo hazina hata mmoja, kwa hivyo hakuna mbolea. Rweya nayo imepandwa mikaratusi na misindano, miti inayoleta fedha na kuni lakini haitoi nyasi za kutandaza. Mwaka 2006 Muleba ikapokea mnyauko wa migomba, ugonjwa unaosafiri kwa panga chafu na kwa wadudu, na dawa yake ni kazi tu: kung'oa mgomba ulioambukizwa, kusafisha panga kwa moto, na kulivunja lile ua jekundu la chini ya mkungu kwa kijiti chenye panda badala ya kulikata. Tukitazama kazi hiyo tunajua nani atakuwa amesimama na kijiti.

Ndiyo maana tukisikia wageni wakikisifu kibanja kama mfano wa dunia ijayo, tunakubali, kisha tunauliza nani ataandikwa kwenye hati. Udongo ule ulikuwa akiba. Kila mzigo wa nyasi uliotua pale ulikuwa sarafu iliyowekwa benki kwa jina la mtu mwingine. Mwanamke mwenye jina lake kwenye ardhi ana sababu ya kupanda mti wa kuni karibu na jiko, ambao utakomaa yeye akiwa bado yupo na haki ya kuukata. Asiye na jina huokota kinachookoteka leo.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imesema wazi kwamba mila inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi haina nguvu. Hata hivyo mwaka 2015, wakati kamati ya Umoja wa Mataifa ya kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ilipotoa uamuzi wake juu ya wajane wawili wa Tanzania walionyimwa nyumba za waume zao, Amri ile ya 1963 ilikuwa bado inatumika mahakamani, miaka 25 baada ya hukumu ya Mwanza.